Tangi la kiwandani au la mashindano: gari la porini linahitaji lipi?

Kila msimu wa Safari Rally na Rhino Charge, mashindano ya magari ya Kenya, unapopita, swali moja hurudi kwenye gereji za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam: je, ning'oe tangi la mafuta lililokuja na gari, niweke lile la mashindano? Picha zimewavutia wengi. Gari limefunguliwa nyuma, kuna sanduku la alumini linalong'aa, limebanwa kwa mikanda ya chuma, na mabomba yaliyosukiwa waya yanapita pembeni yake. Ukilitazama unaona ni imara kuliko lile tangi jeusi lililofichwa chini ya sakafu, lililojaa matope na mikwaruzo. Muuzaji naye anasema ni la usalama, halilipuki, tena linabeba mafuta mengi. Katika hayo matatu, la kwanza ni kweli kwa masharti, la pili si kweli, na la tatu mara nyingi ni kinyume chake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: magari mengi yanayoingia porini huku kwetu yanapaswa kubaki na tangi lake la kiwandani. Lakini yapo yasiyopaswa, na mwenye gari akielewa kila tangi lilitengenezwa kutatua tatizo gani, atajua mwenyewe lake liko upande upi.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tangi la kiwandani ni lile lililobuniwa pamoja na gari, la chuma au la plastiki, likiwa na pampu, geji na mfumo wa kupumua uliopangwa tangu mwanzo. Tangi la mashindano ni mfuko laini usiopenya mafuta, uliowekwa ndani ya sanduku gumu. Wenye mbio huliita fueli seli, jina ambalo pia limepewa mtambo unaozalisha umeme kwa hidrojeni katika magari kama Toyota Mirai. Huo hauhusiki kabisa hapa. Mimi nitaliita tangi la mfuko, kwa sababu mfuko ndio kiini chake. Kisha kuna tangi la safari ndefu, ambalo ni tangi la kawaida lililotengenezwa kubwa zaidi ili gari lifike mbali. Hilo halina mfuko ndani, na wengi wanaodai kutaka tangi la mashindano kwa kweli wanalitaka hili.

Moto unaanzaje

Petroli ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiasi maalumu: mvuke uwe takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko huo. Ukipungua hauwaki, na ukizidi hauwaki pia kwa kukosa hewa ya kutosha. Kwa hiyo imani kwamba tangi lililojaa ndilo bomu, na lililo tupu ni salama, imegeuzwa juu chini. Tangi "tupu" lililokuwa na petroli jana ndilo limewaua mafundi wa kuchomelea katika nchi nyingi, kwa sababu mvuke uliobaki ulikutana na hewa na cheche kwa pamoja. Fundi asiguse tangi la petroli kwa moto kabla halijaoshwa vizuri na kuondolewa mvuke wote, na ninaomba jambo hili lisikike katika kila karakana ya jua kali.

Dizeli ni mpole zaidi. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli husubiri hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Hilo halimaanishi kwamba dizeli haiwaki. Bomba likipasuka na kurusha dizeli kama ukungu mwembamba juu ya turbo au bomba la moshi lililopata moto sana, inashika. Hata hivyo, mwenye Land Cruiser ya dizeli anayefikiria tangi la mashindano kwa kuogopa moto anaanza akiwa na hatari ndogo kuliko mwenye gari la petroli. Hilo aliweke kwenye hesabu kabla hajatoa fedha.

Gari linapopinduka, ganda la tangi si lazima ndilo linaloachia kwanza. Mara kwa mara kinachoachia ni viungo: shingo ya kujazia, bomba la mpira lililochakaa, mfuniko wa pampu, au tundu la kupumulia ambalo sasa limegeuka kuwa chini. Mafuta hutiririka kuelekea injini au bomba la moshi, na dereva ana sekunde chache za kufungua mkanda. Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba kuuliza "tangi gani ni imara" hakutoshi. Uliza pia limewekwa wapi, na mabomba yake yamepita wapi.

Tangi la mfuko lilitoka wapi

Mei 1964 ulikuwa mwezi mbaya kwa mbio za magari Marekani. Tarehe 24, katika mbio za NASCAR za Charlotte, gari la Fireball Roberts lilipinduka na kuwaka. Alifariki tarehe 2 Julai. Tarehe 30 Mei, kwenye mzunguko wa pili wa Indianapolis 500, Dave MacDonald aligonga ukuta, mafuta yakamwagika na kushika moto, na Eddie Sachs akajikuta ameingia ndani ya moto huo. Wote wawili walifariki. Kampuni za mpira, Firestone ikiwemo, zilikuwa zimejifunza kutengeneza mifuko ya mafuta ya ndege za kivita tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ujuzi huo ukahamishiwa kwenye magari ya mbio. Formula 1 nayo ikaifanya mifuko hiyo kuwa lazima mwaka 1970.

Wazo lake ni hili. Pakiti laini ya maziwa ikidondoka kutoka mezani hubonyea, maziwa yakasukumana ndani, kisha ikatulia nzima. Chupa ya glasi yenye maziwa yale yale ingevunjika. Tangi la mfuko linategemea kubonyea huko. Sanduku la nje, la alumini au chuma, hupokea kipigo cha kwanza na likipinda si neno. Mfuko wa ndani, wa kitambaa kigumu cha nailoni au Kevlar kilichopakwa mpira, hubadilika umbo bila kuchanika. Ndani ya mfuko hujazwa sponji yenye vitundu vilivyo wazi. Sponji hiyo hula asilimia chache tu ya ujazo, lakini huyazuia mafuta kurukaruka na hukatiza mwali usikimbie ndani ya nafasi ya mvuke. Juu kabisa kuna bamba lenye boliti nyingi linalobeba mdomo wa kujazia, mabomba, na vali inayojifunga gari likilala ubavu au kichwa chini.

Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, lina viwango vya mifuko hiyo: FT3-1999, FT3.5-1999 na FT5-1999, namba ikipanda mfuko unakuwa imara zaidi. Viwango hivyo vina tarehe ya mwisho. Mfuko huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 5 tangu ulipotengenezwa, na unaweza kuongezewa miaka 2 baada ya kurudishwa kwa mtengenezaji na kukaguliwa. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na sponji nayo huchakaa. Ikianza kumeguka huwa chenga laini, ikaziba chujio na pampu, mara nyingi mahali ambapo hakuna wa kukusaidia.

Hapa ndipo soko letu linapoumiza watu. Mifuko iliyomaliza muda wake katika timu za Ulaya na Ghuba inaweza kuuzwa kama mtumba ikiwa na muonekano mzuri kabisa. Tazama tarehe iliyochapwa kwenye mfuko wenyewe, si kibandiko cha kwenye sanduku. Na yapo masanduku mengine yanayouzwa mtandaoni kwa bei ya chini yakiitwa ya mashindano, ilhali ni plastiki tupu iliyotiwa kipande cha sponji, bila mfuko wowote. Hayo si tangi la mfuko. Sanduku la alumini lililochomelewa karakanani nalo si tangi la mfuko. Ni tangi la kawaida lenye mishono mingi, na barabara ya mawe hutikisa mishono ya alumini hadi ikapata nyufa.

Je, mfuko halisi unazuia moto? Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, Romain Grosjean aligonga kizuizi cha chuma na gari lake la Formula 1 likakatika vipande viwili. Alikaa ndani ya moto sekunde 27 kabla ya kutoka. Gari lake lilikuwa na mfuko wa daraja la juu. Uchunguzi wa FIA ulieleza kwamba mfuniko wa ukaguzi wa mfuko ulichomoka na kiunganishi cha bomba la mafuta la injini kiling'oka. Kitambaa chote hicho hakikusaidia pale kiungo kilipoachia. Tangi la mfuko hupunguza uwezekano na ukubwa wa moto. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba halilipuki anakuuzia kitu ambacho hata Formula 1 haina.

Tangi lililodharauliwa

Lile tangi jeusi chini ya gari halikuwekwa pale kwa bahati. Limekaa nje ya chumba cha abiria, na sakafu ya chuma iko kati yake na watu. Limekaa chini, kwa hiyo uzito wa mafuta unalisaidia gari kusimama imara kwenye mteremko wa ubavu. Katika magari yaliyobuniwa vizuri huwa limejificha kati ya reli za chesisi, mbali na bampa.

Umuhimu wa mahali ulijulikana kwa gharama kubwa. Ford Pinto ya miaka ya 1970 ilikuwa na tangi nyuma ya ekseli ya nyuma, na ikigongwa kwa nyuma tangi lilisukumwa mbele hadi likatobolewa. Mwaka 1978 Ford iliyaita magari milioni 1.5 yarudi kurekebishwa. Nalitaja gari hilo kwa sababu mtu anayeng'oa tangi la Land Cruiser na kufunga sanduku jipya nyuma kabisa, karibu na mlango wa buti, anaurudia mpangilio ule ule kwa mikono yake.

Watu pia huliogopa tangi la plastiki, wakidhani mawe yatalipasua. Plastiki hiyo nene hubonyea na kurudi, haipati kutu, na kwa kawaida haina mishono ya kuchomelea. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inataka tangi la plastiki lijaribiwe kwa kuwekwa juu ya moto wa petroli na lisivujishe. Bati lililokunjwa mtaani halijapitia jaribio la namna hiyo.

Tangi la kiwandani lina udhaifu wake porini, na sitaki kuuficha. Jiwe linaweza kulibonyeza au kulitoboa. Mikanda yake ya chuma hukatika kwa kutu na mtikisiko. Vumbi laini, kama lile linalowasumbua madereva wa Safari Rally huko Naivasha, huziba tundu la kupumulia, na tangi lisipopumua pampu huvuta utupu hadi injini inazimika kama gari lisilo na mafuta. Kwenye mlima mkali mafuta yakiwa machache hukimbilia upande mmoja, mdomo wa kunyonyea ukabaki hewani, na injini ya dizeli ikishanyonya hewa utasimama njiani ukipiga pampu ya mkono.

Lakini kila moja ya kasoro hizo ina dawa ndogo kuliko kubadilisha tangi. Bamba la chuma la kukinga chini linatosha kwa mawe, mradi liwe na nafasi ya matope kutoka. Mikanda hubadilishwa. Bomba la kupumulia hupandishwa juu na kuwekewa chujio dogo. Hiyo husaidia pia wakati wa kuvuka mto. Kwa tatizo la mlima, mafundi huweka kitangi kidogo cha akiba kati ya tangi na injini ili kiwe na mafuta hata tangi kubwa linapoinama, na hata kabla ya hapo, tabia ya kutolishusha tangi chini ya robo ukiwa milimani huokoa mengi. Mtu akiniambia anataka tangi la mashindano kwa sababu gari lake hukatika mafuta kwenye mlima, kwanza namuuliza mara ya mwisho lini alisafisha tundu la kupumulia.

Mafuta mengi, uzito mwingi

Tangi la mfuko halikubuniwa ili kubeba mafuta mengi. Kwa nafasi ile ile, sanduku, mfuko na sponji hula ujazo ambao tangi la kawaida lingeutumia kwa mafuta. Land Cruiser 78 ya matangi mawili hubeba lita 180, na 79 kwa kawaida lita 130. Kwa safari nyingi za hifadhini hizo ni lita za kutosha, na pale zisipotosha, kwa mfano ukielekea Katavi au kuzunguka Ziwa Turkana, tangi la safari ndefu lililotengenezwa kwa chesisi yako ndilo jibu sahihi.

Kumbuka mafuta ni mzigo. Lita 100 za dizeli zina takriban kilo 84, na petroli karibu kilo 74. Kilo hizo zikiwa chini ya sakafu, springi ndizo zitalalamika. Ukizipandisha juu ya sakafu ya buti, kwenye kiuno cha gari, gari linaanza kuegemea kwenye kila kona. Ukizipandisha kwenye keria kwa madumu, umeongeza uwezekano wa kupinduka na wakati huohuo umeyaweka mafuta mahali yatakapomwagikia watu likipinduka. Madumu ya keriani ndiyo hatari kubwa kuliko tangi lolote tulilolijadili, na ndiyo yanayoonekana kila siku barabarani bila mtu kushtuka. Aidha, dumu lililofungwa pwani likipandishwa ukingo wa Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya bahari, huvimba kwa sababu hewa ya nje imepungua mgandamizo. Ukilifungua kwa pupa, mvuke na mafuta vinakurukia.

Ukiliingiza ndani ya gari

Hili ndilo linaloniumiza zaidi ninapoona kazi za mtaani. Tangi la mashindano kwa kawaida halitoshei pale lilipokuwa la kiwandani, basi linafungwa ndani, nyuma ya viti. Katika gari la mashindano lipo ukuta usiopitisha mafuta wala moto kati ya tangi na dereva. Kanuni za FIA zinautaka. Land Cruiser ya familia haina ukuta huo. Chumba cha abiria na buti ni chumba kimoja. Mvuke ukivuja taratibu, abiria wa viti vya nyuma ndio wanaouvuta, na siku ya ajali hakuna kitu kati yao na mafuta. Mtu huyo ametoa tangi la kawaida lililokuwa nje, akaingiza tangi bora ndani. Amejipunguzia usalama kwa gharama kubwa.

Kazi kamili ina mengi: ukuta wa chuma uliozibwa kila tundu, bomba la kupumulia linalotoka nje na kuishia chini ya gari, mdomo wa kujazia ulio nje, sanduku lililofungwa kwenye chesisi au fremu ya mabomba badala ya bati la sakafu, na mabomba yaliyo mbali na bomba la moshi. Mfuko na sponji lazima viwe vya aina inayovumilia mafuta yako, kwa sababu injini za dizeli za kisasa hurudisha mafuta ya moto kwenye tangi. Boya la geji ya kawaida hukwama kwenye sponji, hivyo geji nayo hubadilishwa. Injini kama 1HZ, ile ya dizeli ya Land Cruiser, ambayo injekta pampu yake hunyonya mafuta yenyewe kutoka kwenye tangi, haipendi bomba refu lenye viungo vingi vinavyoweza kuvuta hewa. Kampuni ya bima iambiwe pia kabla ya kazi, maana mabadiliko ya mfumo wa mafuta yakigunduliwa baada ya moto ni sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Basi nani anahitaji tangi la mfuko? Anayeshindana, kwanza, na hapo kanuni za mashindano yake ndizo zinazoamua daraja la mfuko. Azisome kabla ya kununua chochote. Pili, mwenye gari lililokatwa chesisi ya nyuma au kubadilishiwa springi na ekseli kiasi kwamba tangi la kiwandani halina tena mahali pa kukaa, hasa gari la petroli lenye fremu ya mabomba linalopandishwa makorongo ambako kupinduka ni jambo la kutarajiwa. Mtu huyo akilazimika kuchagua kati ya sanduku la alumini la mtaani na mfuko wenye cheti ulio ndani ya tarehe, achague mfuko, na bajeti yake ihesabu pia mfuko wa pili baada ya miaka 5.

Wengine wote, yaani gari la watalii, la shamba, la familia inayokwenda Mikumi au Tsavo, wabaki na la kiwandani na wapeleke fedha hiyo kwenye bamba la kinga, mabomba mapya ya mpira, na kizima moto cha unga kilichofungwa mahali ambapo dereva anakifikia akiwa bado amefunga mkanda.

Kwa aliyeamua kubadilisha, jaribio la mwisho lifanyike gereji, si porini. Jaza tangi hadi juu, acha gari usiku kucha, asubuhi pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kisha liinue upande mmoja kwa jeki, limetiwa stendi madhubuti, uangalie kama bomba la kupumulia linatoa mafuta. Likitoa hata kidogo, vali ya kupinduka au bomba lenyewe lina kasoro, na gari hilo lisitoke getini mpaka kasoro hiyo irekebishwe.